Oili ya Gari Ibadilishwe Lini?

Watu wengi wenye motokaa wakiulizwa, "Oili ya injini hubadilishwa lini?" hujibu upesi, "Kila kilometa elfu tano." Jibu hilo si baya, na mtu alishikaye hawezi kupotea sana. Lakini mimi nimejifunza ya kuwa halitoshi, na nimejifunza kwa hasara ya nyumbani kwetu. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, kwa nini oili hubadilishwa, na jinsi mtu awezavyo kuamua mwenyewe siku ya kuibadilisha.

Baba yangu mdogo anakaa hapa Holili, karibu na mpaka. Alikuwa na gari aina ya Toyota Noah la kuchukua abiria baina ya Holili, Himo na Marangu. Wakati wa likizo nilikuwa nikimsaidia. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufuta vioo, kutazama maji ya rejeta, na kupima oili kwa kijiti. Kila siku nilimwambia, "Baba, oili imejaa." Ilipopungua kidogo, aliongeza nusu lita. Ile ya zamani hatukuimwaga kwa muda mrefu sana, maana tulidhani ya kuwa gari linaloongezwa oili kila wiki lina oili mpya daima.

Siku moja ya mwezi wa Desemba tulikuwa tunapanda kwenda Marangu, na gari limejaa watu. Taa nyekundu ya oili iliwaka. Baba mdogo aliona zimebaki kona chache tu, na abiria wamekwisha kulipa, basi akaendelea. Hatukufika. Injini ilianza kugonga kama mtu apigaye nyundo ndani ya debe, kisha ikazima. Gari lilivutwa mpaka Holili, na fundi alipoifungua injini alituonyesha matope meusi, mazito kama dawa ya viatu, yaliyojaa juu kwenye vali na chini katika sampu, yaani lile beseni la oili. Matope hayo yalikuwa yameziba chujio la pampu. Oili ilikuwamo ya kutosha, lakini haikuweza kupanda kwenda mahali ilipohitajiwa. Beringi za kranki zilikuwa zimelika hata zikaonyesha rangi ya shaba. Fundi alisema neno moja tu: "Imenoki."

Nilimwuliza, "Mzee, mbona asubuhi kijiti kilionyesha imejaa?"

Akanijibu, "Mwanangu, kijiti hupima wingi wa oili. Uzima wake hakiupimi."

Gari lilisimama miezi minne. Bei ya injini nyingine, tena iliyokwisha kutumika, ingalitosha kununua oili na filta kwa muda wa miaka mitatu. Dada yetu ambaye alikuwa aende chuo cha ufundi mwaka ule alikaa nyumbani akingoja. Nami nilijua ya kuwa ni mimi niliyekuwa nikisema kila asubuhi, "Imejaa."

Kazi za Oili

Tutazame kwanza oili hufanya nini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida barabarani, kranki huzunguka mara 50 kwa kila sekunde moja, na kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde hiyo hiyo. Chuma kikisuguana na chuma kwa kasi ya namna hiyo, baada ya muda mfupi vingeshikana. Oili huingia katikati kama ngozi nyembamba kuliko unywele, hata vyuma visigusane. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Kazi ya pili ni kupoza. Maji ya rejeta hayafiki kwenye beringi za kranki wala chini ya pistoni. Ni oili iendayo huko, ikachukua joto na kulileta chini kwenye sampu. Kazi ya tatu ni kusafisha: ndani yake mna dawa zinazoshika masizi na takataka, zikazizuia kuganda juu ya vyuma. Kazi ya nne ni kuzuia kutu na ukali wa asidi. Ya tano ni kuziba nafasi ndogo baina ya ringi za pistoni na silinda, ili nguvu ya moto isipotee.

Oili Huharibikaje?

Mtu aweza kuuliza, "Ikiwa oili haichomwi kama petroli, kwa nini ichakae?" Sababu ziko nyingi.

Oili iliyo ndani ya injini ya moto hufikia joto la digrii 100 za Sentigredi hivi, na karibu na pistoni hupita hapo kwa mbali. Kwa joto hilo hewa huungana na oili, nayo huanza kuwa nzito na kutoa asidi. Tena, kila mara petroli au dizeli iwakapo, moshi kidogo hupenya kando ya ringi na kushuka katika oili pamoja na masizi. Maji nayo huingia. Waliosoma kemia watakumbuka ya kuwa petroli ina haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kiasi cha lita moja ya maji! Karibu yote hutoka kwa bomba la moshi kama mvuke, lakini machache hushuka kwenye oili. Gari likienda safari ndefu, joto hukausha maji hayo. Likienda safari fupi na kuzimwa kabla injini haijapata moto vema, maji hubaki, yakachanganyika na masizi na asidi, na mwisho wake ni yale matope niliyoyaona.

Jambo la mwisho ni vumbi. Chujio la hewa likiwa limechakaa, vumbi letu jekundu hupita na kuingia katika oili. Hapo oili iliyopasa kulinda vyuma huvikwaruza kama msasa.

Zile dawa za kusafisha na kuzuia asidi zimepimwa, nazo hutumika mpaka zikaisha. Ukiongeza nusu lita juu ya lita nne zilizochoka, umeongeza dawa kidogo tu, na uchafu wote umebaki humo humo. Kuongeza si kubadilisha. Kosa letu sisi lilikuwa hapo.

Hesabu ya 5,000 na Vitabu vya Magari

Zamani oili ilikuwa dhaifu na injini nyingine hazikuwa na filta. Filta ya oili ya motokaa ilianza kupata hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1923, lakini haikuwekwa katika magari yote mara moja. Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo ambayo wazee wetu waliijua sana, ilibeba lita mbili na nusu tu za oili, na badala ya filta ilikuwa na chujio la waya. Kwa gari kama lile, kumwaga oili kila kilometa 5,000, au kabla ya hapo penye vumbi, lilikuwa jambo la lazima.

Baadaye oili iliendelea. Zilitengenezwa oili ambazo hazibadiliki sana kwa baridi au kwa joto. Ndizo tuonazo madukani zikiandikwa 15W-40 au 20W-50. Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, na ile ya mwisho uzito wake injini ikiwa moto. Tangu miaka ya 1970 madukani kumekuwa pia na oili za sinthetiki, ambazo hustahimili joto kuliko zile za kawaida.

Katika gari la baba mdogo mlikuwa na kitabu cha gari, kimeandikwa kwa Kijapani, nasi tulikitumia kuhifadhia risiti. Baadaye nilipata kujua maelezo ya Toyota kwa wenye magari huko Japani yasemavyo. Kwa gari la petroli lisilo na turbo, oili hubadilishwa kila kilometa 15,000 au kila mwaka mmoja. Msomaji asifurahi upesi, maana maelezo yanaendelea: gari likiwa katika kazi ngumu, hesabu hukatwa nusu, ikawa kilometa 7,500 au miezi sita. Na gari la petroli lenye turbo hubadilishwa oili kila kilometa 5,000 au miezi sita, hata katika kazi ya kawaida.

Kazi ngumu ni nini? Wenyewe wameitaja: barabara mbaya na za vumbi, milima ya kupanda na kushuka mara kwa mara, safari fupi fupi za kilometa 8 au pungufu, na mwendo mwingi sana kwa mwaka. Niliposoma hayo nilidhani wameandika habari za Rombo na Marangu. Kazi ambayo Wajapani huiona si ya kawaida, kwetu ndiyo kazi ya kila siku. Isitoshe, hesabu zao ni za oili waliyoichagua wao na injini iliyotunzwa tangu ikiwa mpya, hali magari yetu mengi huja yakiwa yamekwisha kutembea miaka mingi.

Magari Matatu Yanayopita Holili

Anayekaa Holili hupata mafunzo mazuri ya jambo hili, akitazama magari yapitayo.

La kwanza ni gari la abiria kama lile letu. Hupanda kutoka tambarare ya Himo mpaka Marangu, mwinuko wa mamia ya meta, likiwa limejaa watu na mizigo, kwa gia ndogo. Hushuka, likangoja abiria, likapanda tena. Likipanda na kushuka kiasi cha kilometa 130 kwa siku, kilometa 5,000 hutimia kwa siku 38 tu! Sisi tulihesabu kwa miezi, wala hatukuhesabu kwa kilometa. Na kila kilometa moja ya mlimani ilikuwa nzito kuliko ya tambarare.

La pili ni lori la mizigo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Holili na Taveta kilifunguliwa rasmi mwaka 2016, na tangu hapo gari hukaguliwa upande mmoja tu wa mpaka, yaani upande wa nchi linakoingia. Hata hivyo zipo siku ambazo malori hupanga foleni, na madereva wengine huacha injini zikinguruma. Tufanye hesabu. Injini ya lori ikinguruma polepole, mara 600 kwa dakika, kwa muda wa saa sita huzunguka mara 216,000. Kilometa zilizoongezeka ni sifuri! Ukitazama dashibodi utadhani gari lilikuwa limelala. Kwa sababu hiyo matrekta na jenereta huhesabiwa kwa saa, mara nyingi saa 250 kwa oili moja. Kampuni ya Ford ya Marekani huwaambia wenye magari yake ya kazi wahesabu saa moja ya kunguruma bila kutembea kuwa sawa na mwendo wa kilometa 40 hivi, au zaidi. Basi zile saa sita za foleni ni kama kilometa 240 ambazo dashibodi haikuziandika.

La tatu ni gari la ndugu zetu wanaokaa Dar es Salaam, ambao huja nyumbani kila Desemba. Hilo hutembea zaidi ya kilometa 500 bila kusimama sana, kwa mwendo wa namna moja, injini ikiwa na moto wa kutosha kukausha maji. Kilometa hizo, ingawa ni nyingi, ni nyepesi kwa oili. Lakini lipo gari jingine la Krismasi, lile liachwalo nyumbani kijijini, likawashwa mara chache kwa mwaka ili lipelekwe sokoni au kanisani. Mwenyewe husema, "Halijafika hata kilometa 1,000." Oili yake imekaa mwaka mzima na maji na asidi ndani yake. Hilo nalo lastahili oili mpya, kwa hesabu ya muda.

Basi Ibadilishwe Lini?

Baada ya kuuliza mafundi na kusoma, haya ndiyo nishikayo:

1. Fuata kwanza kitabu cha gari lako. Ikiwa kimeandikwa kwa lugha usiyoijua, mtafute mtu akusomee, au mwulize fundi aijuaye injini hiyo.

2. Kwa injini kuukuu na oili ya kawaida, kilometa 5,000 au miezi sita ni hesabu njema. Kitakachotangulia ndicho kifuatwe. Ikiwa gari hupanda milima kila siku na mizigo, au hupita katika vumbi, yafaa kumwaga mapema zaidi, kati ya kilometa 3,000 na 4,000.

3. Kwa injini nzima yenye oili nzuri ya sinthetiki, kilometa 7,500 mpaka 10,000 zawezekana, ikiwa kitabu kinaruhusu. Lakini usipitishe mwaka. Anayemwaga oili njema kila kilometa 2,000 anatupa fedha zake bure.

4. Badilisha filta pamoja na oili. Oili mpya katika filta iliyoziba ni kama maji safi katika mtungi mchafu.

5. Pikipiki haihesabiwi kama gari. Pikipiki nyingi za bodaboda hubeba oili kama lita moja tu, nayo hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Kwa hiyo huchoka upesi, na kwa nyingi kilometa 2,000 mpaka 3,000 zatosha. Tena itumiwe oili ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, maana baadhi ya oili za gari hufanya klachi iteleze.

6. Andika. Fundi akimaliza, andika tarehe na kilometa katika kikaratasi, ukibandike pembeni mwa kioo. Kichwa husahau, karatasi haisahau.

Mambo Yanayodanganya

Wengi hutazama rangi. Husema, "Oili imekuwa nyeusi, imekwisha." Si lazima. Oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya muda mfupi, kwa kuwa inafanya kazi yake ya kushika masizi. Na oili ya petroli yaweza kubaki na rangi nzuri hali dawa zake zimekwisha.

Kipimo bora kidogo ni hiki, nacho mwanafunzi aweza kukifanya. Chukua karatasi nyeupe inyonyayo wino, au karatasi ya kuchujia ya maabara. Injini ikiwa moto, dondosha tone moja kutoka kwenye kijiti, kisha uilaze karatasi kwa saa chache. Tone likienea na kufifia polepole mpaka ukingoni, oili bado inabeba uchafu wake vizuri. Likibaki doa jeusi zito katikati, lenye mpaka mkali, oili imeshindwa na uchafu. Tone la oili yetu ya zamani, fundi alipotufanyia, lilikaa kama kitufe cha koti. Lakini kipimo hiki kisichukue nafasi ya hesabu ya kilometa na muda. Ni shahidi wa kusaidia tu.

Jihadhari pia na oili iliyotiwa katika makopo ya zamani. Nunua kopo ambalo kifuniko chake hakijavunjwa, katika duka linalokupa risiti. Wala usijaze kupita alama ya juu ya kijiti, kwa kuwa kranki huipiga oili iliyozidi mpaka ikatoa povu, na povu haliwezi kulainisha chuma.

Oili Chafu Iende Wapi?

Kumwaga oili katika injini kusiwe kumwaga oili katika ardhi. Nchi yetu ya mteremko huishi kwa mito na mifereji, na kinachomwagwa juu humfikia aliye chini. Oili iliyotumika ina masizi, chembe za chuma na vitu vyenye kudhuru ngozi. Ikusanywe katika dumu, ipelekwe kwenye gereji ikusanyayo, wala isimwagwe mferejini. Najua wengi huipaka kwenye mbao kuzuia mchwa. Mtu akifanya hivyo, asiiguse kwa mikono mitupu, wala asipake penye chakula, mifugo au kisima.

Mwisho

Gari la baba mdogo linatembea tena, na dada yetu sasa yuko chuoni, baada ya kupoteza mwaka mmoja. Pembeni mwa kioo pana kikaratasi chenye safu tatu: tarehe, kilometa, na siku za kupanda Marangu. Mimi bado napima oili kila asubuhi ya likizo. Lakini siku hizi nikisema, "Baba, imejaa," yeye huniuliza, "Na ina siku ngapi?" Ndipo nasoma kikaratasi kabla ya kumjibu.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ewe mzazi mwenye gari, na wewe mwanafunzi ambaye kaka yako ana bodaboda, tazama leo iliandikwa lini mara ya mwisho. Na ikiwa haikuandikwa popote, basi ibadilishwe sasa, na tarehe iandikwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu